Kinga ya Tovuti na Foleni ya Kahawa

Ijumaa ile nilibishana na bosi wangu kuhusu neno "zuia". Ofisi yetu iko ghorofani, katikati ya Arusha, juu ya duka la pembejeo ambalo familia yake, Wahindi wa hapa hapa mjini, imeliendesha tangu enzi za babu yake. Sisi tunatengeneza tovuti. Mojawapo ni ya chama cha wakulima wa kahawa wa kwetu Meru: mkulima anaingia kwa simu, anachagua siku ya kupeleka kahawa kwenye mtambo wa kumenya, basi.

Wiki hiyo kuna mtu alikuwa akijaribu nywila za wakulima, moja baada ya nyingine, kwa kasi ambayo si ya vidole vya binadamu. Bosi akalipia kinga ya kukodi, inayokaa mbele ya tovuti na kukagua kila ombi kabla halijafika. Inakuja na makundi ya kanuni zilizokwisha kuandikwa: kundi la kuzuia wadukuzi, kundi la kuzuia roboti, yaani programu zinazojiendesha mtandaoni, kundi la kuzuia wanaotuma maombi mengi mno.

"Tuyaweke kwanza kwenye hali ya kutazama tu," nilisema. "Yaandike yangemzuia nani, bila kumzuia."

"Binti, mlinzi wa getini unamwajiri aandike wezi wanaopita?"

"Kwani aliyetunga kanuni hizi anawajua wakulima wetu?"

"Wewe hata kalenda utaiuliza nani kasema leo ni Ijumaa."

Tukaweka zuia.

Jumapili nikapanda nyumbani kwa mama. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na kahawa imeiva kwa mkupuo. Nyingine ilishaanza kudondoka chini, kati ya migomba. Kahawa mbivu ikichumwa humenywa siku hiyo hiyo, la sivyo inachacha. Kwa hiyo mama asingeweza kuchuma bila kuwa na nafasi kwenye mtambo, na aliitaka ya mwanzo wa wiki. Akikosa, mavuno yake yangeishia ardhini.

Kwetu foleni ya mtambo hufunguliwa ibada ikiisha. Watu hutoka, ndizi na kuku waliotolewa sadaka hunadiwa, kisha katibu wa chama husimama kwenye ngazi za kanisa na kusema, "Haya, fungueni simu." Wote huingia kwa pamoja, kwa waifai ya kanisa. Nani atumie bando lake wakati ya bure ipo?

Safari hii, nikiwa hapo na mama, simu zote zilijibu: Ombi lako limezuiwa.

"Hii waifai imeokoka," mzee wa kanisa alisema. "Haitaki biashara Jumapili."

"Mbona kuku imewaacha wakanadiwa?" mwingine akamjibu, watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Simu zinazotumia waifai moja, ukiziangalia kutoka nje, huonekana kama mtu mmoja. Kinga ilikuwa imeliona kanisa zima kama mdukuzi mmoja mwenye pupa. Na wakati huo wakulima wa vijiji vya chini, wanaoingia kwa bando zao, walikuwa wanachukua nafasi.

"Mama, njoo utumie bando langu. Sasa hivi."

Akawatazama wanawake waliomzunguka. "Nichukue peke yangu, halafu Jumapili ijayo nipite hapa mlangoni na uso gani? Tengeneza hicho kitu chenu, mama."

Nikakaa kwenye ngazi na laptopu niliyokuja nayo, nikampigia bosi.

"Shikamoo mzee. Tumewazuia wakulima."

"Marahaba. Wangapi?"

"Kanisa zima."

Nikamsikia akibonyeza kompyuta yake. "Usiizime. Yule mtu bado anajaribu, namwona hapa. Lipitishe kanisa bila kukaguliwa."

"Na mwizi akija kukaa kanisani?"

"Akae. Labda atatubu."

Sikuichukua njia hiyo ya mkato. Nilibadilisha namna ya kuhesabu: kila simu ihesabiwe peke yake, kwa alama inayopewa ikifungua tovuti. Kwenye ukurasa wa nywila nikaubakiza ukali: akaunti ya mkulima ikikosewa nywila mara nyingi, majaribio yanasimamishwa. Makundi mengine nikayarudisha kwenye kutazama, na bosi hakubisha. Kisha tukasubiri mabadiliko yaenee, watu wote wameinamia simu kama wanasali tena.

Zikafunguka. Jumatatu ilikuwa imejaa, Jumanne pia. Mama akapata Jumatano. Aliipita mibuni yake kichwani. "Ya upande wa mto itadondosha," alisema. "Ya juu itasubiri."

Nilimwomba bosi ruhusa nibaki nimsaidie kuchuma.

"Kuchuma, au kwenye hali ya kutazama tu?"

Jumatano tulianza kabla umande haujakauka. Upande wa mto ardhi ilikuwa nyekundu kwa kahawa iliyodondoka chini ya mibuni. Tuliipita, tukaenda kwenye ya juu, ambayo ilikuwa bado inasubiri.