Mtoto Aliyenenepa kwa Supu ya Mifupa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka mwili hunisisimka, ingawa ni mambo ya enzi za Mwingereza na meno yangu yote yameshaondoka. Juzi uliniuliza kama supu ya mifupa inamtosha mtoto anayeachishwa ziwa. Sikukujibu palepale, maana jibu lake si neno moja. Sogeza kigoda, nikusimulie.

Nilikuwa msichana, sijaolewa bado, nikikaa kwa kaka yangu Mbonea na mkewe Nakijwa, huku milimani juu ya Same. Kaka alifanya kazi kwa mwenye bucha kule chini, karibu na stesheni ya treni. Kila Jumamosi alipanda mlima na gunia la mifupa begani. Nyama ilikuwa imeshauzwa. Mifupa alipewa yeye. Kwetu sisi tulioonja nyama siku ya sikukuu tu, gunia lile lilikuwa heshima. Wifi yangu aliitia mifupa chunguni, akaitia chumvi ya kutosha, akaiacha ichemke mpaka jua linatua. Harufu yake, we! Majirani walipita mlangoni kwetu hata kama njia yao ilikuwa nyingine.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Elieneza, aliyekuwa ameanza kutembea. Wifi aliposhika mimba nyingine akamwachisha ziwa, kama ilivyokuwa desturi. Kaka akasema, "Mpe supu. Nguvu zote za ng'ombe zimo mfupani." Basi mtoto akawa analishwa supu na tonge za ugali wa muhogo, asubuhi, mchana na jioni. Maharage alinyimwa, eti yatamjaza tumbo. Maziwa ya ng'ombe wetu yalipelekwa sokoni. Usidhani walikuwa watu wabaya, mwanangu. Walimpenda yule mtoto kuliko macho yao.

Na kweli, mtoto akanenepa. Mashavu yakajaa, miguu ikawa mviringo. Nywele zikaanza kuwa nyekundunyekundu na laini, na wanawake kanisani wakacheka wakisema tumezaa Mzungu. Walipokezana mtoto benchi hadi benchi. Mimi nami nilijivuna. Jambo moja tu lilinikera: Elieneza alikuwa hachezi tena. Ukimweka hapa, utamkuta hapahapa, amenuna, hata nzi hamfukuzi. Wakasema ana adabu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini nani hukumbuka methali wakati anasifiwa?

Jumamosi moja akaja shangazi yetu, dada wa baba, kutoka Bombo. Kaka alikuwa ndiyo kwanza ametua gunia. Wifi akapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nileteeni huyo mnene ambaye sifa zake nimezikuta njiani."

Akampakata, akamtazama nywele. Kisha akaushika mguu wake, akaubonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, taratibu, kama mtu anayepima ndizi iliyoiva. Akaondoa kidole.

Shimo likabaki.

Tuliinama wote tukalitazama. Tulingoja lijae. Halikujaa. Mguu wa mtoto ulikuwa kama udongo wa mfinyanzi, alama ya kidole imekaa palepale.

"Huyu hakunenepa," shangazi akasema. "Huyu ana njaa."

Kaka akacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa asijue amepigwa wapi. "Njaa, shangazi? Na mifupa yote hii?"

"Nyama ya mifupa hii iko wapi, Mbonea?"

"Imeuzwa."

"Imekwenda kwa watoto wa wengine. Wako umemletea maji iliyoogea mifupa." Sauti yake ikashuka. "Mwaka wa njaa nilizika wangu wawili, wanene kama huyu. Nilidhani wamepona, nikamshukuru Mungu. Walikufa wote wawili ndani ya wiki moja."

Mwanangu, sisi siku zote tulijua kuwa shangazi hakujaliwa mtoto. Hakuna aliyekuwa ametuambia kuwa aliwahi kuwa mama. Wifi alikaa chini kwenye vumbi akaziangalia pande zote mbili za mikono yake, ile iliyokuwa ikimlisha mtoto.

Hatukungoja kula. Tulimbeba Elieneza mgongoni kwa zamu, tukavuka mto, tukapanda kilima cha pili mpaka hospitali ya misheni. Muuguzi naye akabonyeza mguu, akatikisa kichwa. Akaagiza maziwa, kijiko kwa kijiko, mchana kutwa. Haba na haba.

Hapo ndipo tulipopata mshtuko wa pili, na huu ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Maji yalianza kumtoka mwilini, na mtoto akakonda mbele ya macho yetu. Mashavu yakaanguka. Mbavu zikajitokeza, ngozi ikamning'inia mapajani kama nguo ya mtu mwingine. Wifi akapiga ukunga. "Mnaniulia mtoto! Alikuja na afya, tazameni!" Akamnyakua kitandani, akaelekea mlangoni arudi naye nyumbani, kwenye chungu chake.

Shangazi akasimama mlangoni. Hakumgusa. "Nakijwa," akasema, "mtazame vizuri. Huyu ndiye mwanao. Yule mwingine alikuwa maji."

Wifi alisimama pale, mtoto mikononi. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la maziwa. Ndipo Elieneza, ambaye kwa wiki nyingi hakuwa amelia wala kucheka, akanyoosha mkono kuelekea bakuli, akalia. Akalia kwa hasira, kama mtu anayedai haki yake. Wifi akakaa chini akamlisha, machozi yakidondokea kwenye kijiko.

Alipona. Polepole, lakini alipona, na nyumbani akalishwa makande yaliyopondwa mpaka yakalainika, na maziwa hayakwenda tena sokoni. Wifi alipojifungua, shangazi huyohuyo alimchemshia supu ya mifupa kwa mikono yake, akampa pamoja na maharage na ndizi. Nilipomshangaa akaniambia, "Mfupa hauna kosa. Kosa ni kuutwisha mzigo usiouweza."

Basi sikia, mwanangu. Supu ya mifupa ni kitu kizuri. Humchangamsha mzazi, humrudishia mgonjwa hamu ya kula, hulainisha ugali. Lakini haijengi mtoto peke yake. Mwekee kando ya maharage, maziwa, yai, hata dagaa. Isichukue nafasi ya vyakula hivyo. Chumvi iwe kidogo kwake. Mifupa iwe ya mnyama aliyechinjwa, siyo mzoga uliookotwa, na supu iliyolala usimpe. Ukiona mtoto amevimba miguu, amepoa, nywele zinabadilika rangi, usisikilize sifa za watu: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na akianza kukonda huko usimtoroshe.

Mungu akujalie uzao wenye uzima, akutilie baraka katika chungu chako, na huyo unayemlea leo aje akuzike wewe ukiwa umeshiba siku. Amina.