Kamba ya Ngamia wa Ayeyo

Kengele ya mti shingoni mwa ngamia hailii kama ya chuma. Hugonga polepole, kavukavu, na kila nikiisikia kwenye soko la mifugo hapa Garissa, wivu wangu wa utotoni huamka. Kiangazi kile, shule zilipofungwa, nilipelekwa kwa ayeyo, bibi yangu mzaa mama, upande wa Kutulo. Malisho yalikuwa yameisha, na familia ilikuwa inahamia ng'ambo ya vilima kwa kupitia mwanya mwembamba wa mawe ambao hata mbuzi waliuogopa. Kwetu nyumba huhama na wenyewe: miti iliyopindwa, mikeka na vibuyu vya maziwa hufungwa juu ya ngamia, na mwanamke hushika kamba mbele. Niliitaka kamba ile kuliko chakula. Nilikuwa mkubwa kuliko Hodan, binti wa mama yangu mdogo, lakini ayeyo alimpa yeye bila hata kunitazama. Chanda chema huvikwa pete, basi mimi nikafuata nyuma na mbuzi, nikila vumbi la mwenye pete.

Njia ilipanda bila huruma. Mawe yalichoma hata kupitia ndara, vichaka vilinuka utomvu, na kila ayeyo aliposema "Masha Allah, Hodan," nilihisi mwiba ukinizama kifuani. Karibu na mwanya Hodan aligeuka, akaniona nimenuna. "Abaayo, dada yangu, shika wewe," akasema, akaninyooshea kamba. Hata ukarimu wake uliniudhi. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Ngamia akanguruma, akapiga magoti katikati ya njia, na nyumba yetu nzima ikaanza kuelemea upande wa genge.

"Usimvute," ayeyo akasema. "Huyu hafuati kamba." Hodan akaifungua kabisa, akaitupia begani, akatangulia akiimba wimbo aliomwimbia tangu akiwa ndama. Ngamia akainuka na mzigo wake, akamfuata mpaka ng'ambo. Ukiona vyaelea, vimeundwa, lakini siku ile sikutaka methali. Nilitaka ngamia anifuate mimi.

Leo nina ofisi yenye feni, na Hodan bado anahamahama na mifugo. Watu hudhani yeye ndiye anayenionea wivu. Likizo hii nilimpeleka binti yangu kwake. Juzi alirudi, miguu imejaa mikwaruzo, na alipokuwa akiosha vyombo nikamsikia akiimba kwa sauti ya chini. Nikamuuliza wimbo ule ameutoa wapi.

"Kwa mama mdogo Hodan," akajibu. "Alinipa ngamia wake, tukapita naye kwenye mwanya. Hata sikushika kamba."

Nikampa hongera, kisha nikatoka nje nipunge hewa. Zamani nilimwonea wivu mtu mmoja. Sasa ni wawili, na mmoja wao namlisha mwenyewe.