Shingo Ndiyo Hupima Diski

Shule niliacha darasa la sita, lakini nikikwambia diski ya video za muziki ni nzuri au ni takataka, niamini, kwa sababu Riruta nzima hakuna mwingine wa kukwambia. Kinyozi changu, hiki chumba cha kunyolea, nimekifungua kwa mikono hii miwili. Kina viti vitatu, vioo mpaka darini na runinga ukutani, na kwa hiyo runinga nimekataa diski ambazo wasomi wangezipitisha hivihivi.

Watu wengi hupima diski kwa macho. Wanaangalia kama picha inakatakata, kama nyimbo zimeungana vizuri au dijei anapiga kelele katikati ya kila ubeti kama mtu anauza mitumba. Hayo ni ya watoto. Mimi hupima kwa shingo. Mteja akikaa namwekea diski mpya, namshika kisogoni kwa vidole viwili, na mashine ikipita nyuma ya sikio nasikia kama shingo inataka kuitika. Mtu atakwambia yeye ni mzee wa kanisa, hizo nyimbo za dunia hazijui, na huku shingo yake inasema mambo mengine kabisa. Shingo zikitulia diski nzima, hiyo naipeleka nyumbani, bibi anaitundika kwenye sukuma wiki ifukuze ndege.

Mama anayeniuzia diski yuko tauni, katikati ya jiji, chini ya ngazi za jengo moja. Siku hizi wateja wake wote wanataka flashi, lakini mimi bado ananichomea diski. Akiwa na mseto mpya ananiambia, "Fundi, peleka kwa shingo zako, uniletee jibu." Hata wateja wake matajiri wa Spring Valley hajawahi kuwauliza hivyo.

Sasa, Jumamosi moja asubuhi alikuja mteja wangu wa Kileleshwa, mtu wa ofisi na tai, ambaye huwapita vinyozi kumi na wawili barabarani ili anifikie mimi. Siku hiyo alikuwa anaenda ruracio yake, kupeleka mahari kwa wakwe. Wenzake walikuwa nje, magari yamejaa kreti za soda.

"Mkubwa, leo usinichezee," akasema. "Mchumba wangu ameniambia kitu moja tu, nisiharibu nywele. Hizo picha zitakaa kwa ukuta mpaka tuzeeke."

"Umekaa kwa kiti ya nani?"

"Yako."

"Basi tulia."

Ningeweza kuweka diski ya zamani. Lakini shingo ya mtu anayeenda kwa wakwe imekazana kama mlingoti, na diski ikiweza kuitikisa hiyo, basi ni dhahabu. Nikaweka mpya.

Wimbo wa kwanza, kimya. Wa tatu, kimya. Wa nne, ule wa vijana wanaocheza juu ya gari ambalo si lao, kimya. Nikaanza kuiwazia sukuma. Nilikuwa nimefika kwenye paji la uso, pale pa kuchora laini, ule mstari wa mbele wa nywele, wimbo wa saba ulipoingia. Dijei alikuwa ameacha ngoma peke yake, na wachezaji wote wakapinda magoti mara moja. Shingo haikusonga. Kilichosonga ni kiuno changu. Kiuno kikavuta bega, bega likavuta mkono, na mashine ikapanda mlima.

Ilichonga barabara toka pajini mpaka karibu na utosi.

"Mkubwa," akasema kwa upole, akiangalia kioo. "Hiyo ni nini?"

"Hiyo," nikamwambia, "ni wimbo wa saba."

Hakucheka. Nikatoa nywele zote, dakika kumi, kazi safi ambayo huwezi kuipata kwingine. Nikampaka mafuta mpaka wachezaji wa runinga wakaonekana wakicheza kwenye utosi wake.

"Tunaenda na wewe," akasema. "Utaeleza mwenyewe."

Nikavaa koti. Diski nikaitia mfukoni kama ushahidi.

Kwa wakwe walitoa wanawake sita, wamefunikwa leso toka kichwani mpaka miguuni, ili mwanamume amtambue wake. Mtu wangu aliangalia miguu tu, akaenda moja kwa moja kwa wa nne. Leso ikafunuliwa. Msichana akamwangalia, akachungulia nyuma yake, kisha akamgeukia shangazi yake.

"Huyu ni nani? Wangu ako wapi?"

Hema zima likaangua kicheko. "Kumbe leo bwana ndiye amejificha," shangazi akasema.

Msichana hakucheka. Alimpapasa kichwa toka mbele mpaka nyuma, taratibu, kama anayechagua tikiti maji sokoni. "Nani amefanya hii?"

Nikainua mkono.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napima diski, dada."

Akamwachia kichwa, akanigeukia.

"Ni nzuri?"

"Nimepima miaka kumi na tisa. Hii ndiyo ya kwanza kunishinda."

Akanyoosha mkono, nikampa ile diski, akaipeleka mwenyewe kwenye deki ya spika. Nikamwambia aanzie wa saba. Ngoma ikaingia, shangazi akapinda magoti, na pale chini ya kipara nilichokinyoa mimi nikaona ile shingo ngumu ya Kileleshwa ikiitika. Msichana akamshika mkono.

Jumatatu nikaenda tauni kutoa jibu. Nikamwambia yule mama imepita, tena imepita zote, ila aandike juu ya jalada kwamba mtu aliyeshika mashine ya kunyoa asiicheze diski hii.