Taya Lililoombewa

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na kampuni za utalii zikachipuka kila kona ya Arusha, nilitoka chuoni nikapata kazi katika mojawapo. Meneja alinitazama usoni, kisha akasema, "Dada, sauti yako nzuri sana. Wewe utakaa kwenye simu." Simu ilikuwa kwenye chumba cha nyuma. Tangu utotoni taya langu la chini lilitangulia la juu. Meno ya mbele hayakuwahi kukutana.

Nikaenda kwa daktari bingwa, katika hospitali moja upande wa Kilimanjaro, aliyekuwa akikata taya na kulirudisha nyuma. Aliniuliza ninataka nini. Nikasema nataka kutafuna nyama vizuri. Akasubiri, kana kwamba anajua lipo jibu jingine. Sikulitoa. Kutamani sura nyingine niliona ni aibu. Kutafuna ni hitaji ambalo kila mtu angeliheshimu. Akanipangia kitanda kwa Jumatatu.

Mama aliona aibu kunishinda. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa, pale mtaani Sekei, walipomuuliza ninapasuliwa nini, alisema nina uvimbe kwenye taya.

Alhamisi wakaja na Biblia na chupa za chai. Mwenyekiti wao alinishika kidevu kwa viganja viwili, akaomba mpaka jasho likamtoka. Kisha akanipapasa huku na huku.

"Mama, uko wapi huo uvimbe?"

Mama akainamia chupa ya chai, akaanza kumimina.

"Jamani, si haupo!" mwenyekiti akapaza sauti. "Umeyeyuka! Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Na hilo taya je?" akauliza mmoja aliyekaa nyuma.

"Hilo la marehemu baba yake, tumwachie!" Wakacheka, wakaanza kuimba.

Mama alikuwa akipiga makofi huku machozi yakimtiririka. Sikujua kama ni hofu, au ameshaanza kuamini.

Walipoondoka nikamwambia, "Mama, Jumatatu naenda."

"Ukapasuliwe nini, mwanangu? Wote wameshuhudia. Ukirudi na bandeji, nitakaa nao vipi?"

Ningeweza kumpa jibu nililomnyima daktari, kwamba nilichoka kufichwa. Lakini sikuwa nimewahi kulitamka mbele ya mtu, na siku ile pia halikutoka.

Jumapili mama akatoa ushuhuda kanisani, nami nikaitwa mbele. Nilisimama nimefumba mdomo, waumini wakininyooshea shingo, benchi baada ya benchi, wakimshukuru Mungu kwamba taya langu halina kasoro.