Mwanamke wa Kitenge cha Kijani na Chupa ya Gesi

Nimechoka kuulizwa kama siku ile nilikuwa nimekunywa. Mimi ni Mwislamu, pombe sijawahi kuionja, na jua lilikuwa utosini. Ukitaka kubisha, bisha, lakini niache nimalize kwanza.

Ilikuwa mwaka uliofuata uhuru. Mtaliani mmoja, fundi wa mashine za barabara, alirudi kwao akaniachia gari lake dogo. Halikutumia petroli. Ukifungua buti ungekuta chupa ya gesi, ile ile ya kupikia, na mpira uliopita chini ya sakafu hadi kwenye injini. Petroli ilipokosekana kwetu Rumonge, madereva wenzangu walikaa nyumbani, mimi nikawa barabarani. Lakini abiria walinichosha. Kila mmoja, akishaketi tu: “Shofera, iko kunuka.” Kila safari. Mwishowe nikaacha kuwasikiliza.

Siku hiyo nilitoka Bujumbura na Mzee Hamisi, mchuuzi wa mawese, ameketi mbele. Tulipofika Gitaza tukawapakia wanawake wawili na magunia yao ya ndagala wakavu, dagaa wa ziwani. Unaijua harufu ya ndagala ndani ya gari lililofungwa madirisha kwa sababu ya vumbi? Basi.

Mbele kidogo nikasimamishwa na mwanamke aliyevaa kitenge cha kijani. Hakuwa na mzigo wowote. Akaingia nyuma, akakaa katikati ya wale wawili, na hakuna aliyesogea kumpisha. Hapo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Hatukufika mbali akasema, “Shofera, simamisha. Gazi inatoka.”

“Mama, hiyo ni ndagala.”

“Hapana ndagala. Simamisha.”

Akarudia. Akarudia tena. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilimwambia kama anajua magari kuliko mimi, aje ashike usukani. Nilimwambia ashuke, Rumonge atafika kwa miguu. Mzee Hamisi alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni, nami nikadhani ananihurumia. Kisha, na nilikuwa nimemkataza sijui mara ngapi kuvuta ndani ya gari langu, akatia sigara mdomoni na kutoa kiberiti.

Mkono ukanishika shingoni kutoka nyuma. Niamini, ulikuwa wa baridi kama samaki anayetolewa ziwani alfajiri. Nikakanyaga breki kwa nguvu, kiberiti kikamponyoka Mzee Hamisi kabla hajakiwasha. Nikazima injini, nikashuka na hasira zangu, nikafungua mlango wa nyuma ili nimtoe nje.

Wanawake wawili. Katikati yao, gunia la ndagala.

“Mwenzenu yuko wapi?”

“Nani, baba?”

“Wa kitenge cha kijani.”

“Tuko wawili, baba. Tangu Gitaza tuko wawili.”

Mzee Hamisi akageuka. “Hata mimi nataka kujua, mwanangu. Muda wote huu unagombana na nani?”

Kabla sijajibu nikasikia kitu kikifoka nyuma ya gari. Nikafungua buti. Mpira ulikuwa umelegea kwenye chupa na gesi inatoka. Na gesi hiyo haipandi juu, hutulia chini kama maji. Ilikuwa imetanda miguuni mwetu, pale pale kilipoanguka kiberiti. Nikafunga koki, nikawashusha wote, nikaacha milango wazi.

Mzee Hamisi aliwaapia watu wa Rumonge kwamba gesi ilivuja kweli, na papo hapo akawaapia kwamba mimi nina wazimu. Mtu kama huyo utamwambia nini? Alinicheka hivyo miaka yote, hadi mauaji ya 1972, nilipovuka ziwa na familia yangu kukimbilia Kigoma. Sikumwona tena. Leo ningefurahi kuchekwa naye.

Chupa niliing'oa wiki ile ile. Lakini pale shingoni aliponishika, hadi leo pamekufa ganzi. Kinyozi akipitisha wembe hapo, sihisi chochote. Daktari mmoja alinichoma sindano pale, akatikisa kichwa, akaniuliza kama nakunywa.

Nasikia siku hizi magari ya gesi yanarudi. Sawa, endesheni. Ila abiria akikuambia kunanuka, simama kwanza, ukague. Usimtukane kama nilivyofanya mimi, maana mtu aliyeniokoa nilimtukana njia nzima, na sijui kaburi lake liko wapi nikamwombe radhi.