Bia ya Daktari wa Meno

Katika uwanja wa barafu wa mji wa Hrabice, panapochezwa mpira wa magongo, hakuna mdomo mchafu kama wa yule mama daktari wa meno. Kliniki anakubembeleza, "Fungua kidogo tu, kipenzi," mpaka usingizi unakuchukua. Jukwaani, skafu shingoni na kikombe cha bia mkononi, anafoka: "Refa, kibogoyo wewe, njoo nikung'oe hiyo filimbi!" Vlastimil, anayesimama ubavuni mwake kila mechi, huustaajabia ule mkono. Daktari ataruka, atacheza, atamrushia refa kipande cha mkate, na bia isimwagike hata tone. Kumwaga bia, husema, ni dhambi isiyo na toba.

Ijumaa hiyo mchezaji wa wageni alipigwa gongo la mdomo, jino likaruka. Jukwaa zima lilishangilia, vikombe vikanyesha barafuni. "Acheni, wapumbavu nyie! Mtalipoteza jino la mtu!" Alikuwa daktari. Vlastimil alimwona akiimwaga bia yake yote sakafuni, akampokonya muuza kahawa maziwa, akajaza kikombe na kuteremka mbio. Watu wakaacha kurusha vikombe. Jino likaokotwa, likatumbukizwa kwenye maziwa lisife, na katika chumba cha wachezaji daktari akalirudisha mahali pake.

Kipindi cha mwisho mgeni yule yule, pamba mdomoni, akafunga bao la ushindi. Daktari alipanda juu ya benchi. "Mwizi mkubwa! Mbwa wee! Na kesho saa tatu uje nikuangalie, usitafune kitu kigumu!" Kisha, bila hata kugeuka, akanyoosha ule mkono mtupu na kuichukua bia ya Vlastimil.