Lenzi Fupi ya Mélanie Bulonza

Kwa miaka mingi Mélanie Bulonza alipiga picha za arusi mjini Bukavu akiwa mbali na watu. Alisimama nyuma ya viti na lenzi yake ndefu ya kuvuta, akawaleta maharusi karibu bila wao kumwona. Mume wake, Alphonse, ndiye aliyezunguka ukumbini na flashi juu ya fimbo. Mélanie alinyoosha kidole tu, Alphonse akainua taa au akaishusha, na nyuso zikatoka na nuru laini ya upande mmoja.

Kisha Alphonse akaugua ini, akafa. Mélanie hakutafuta mtu mwingine. Aliifunga flashi juu ya kamera, akaendelea peke yake.

Jumamosi moja alikuwa mtaa wa Nyalukemba, kwenye arusi ya Héritier na Francine. Dari ya ukumbi ilikuwa imepakwa rangi ya bluu. Alipoelekeza flashi juu ili mwanga urudi taratibu, ulirudi wa bluu, na wageni wakaonekana kama wagonjwa. Alipowaelekezea usoni, mapaji yaling'aa, ukuta wa nyuma ukawa mweusi, na gauni la Francine likageuka doa jeupe lisilo na mishono.

"Alphonse, inua kidogo," akasema.

Alisema kwa sauti. Akina mama wa meza ya karibu waligeuka wakamtazama. Mélanie akainama juu ya begi lake, akajifanya anatafuta kitu, mpaka macho yakamkauka.

Ndani ya begi mlikuwa na lenzi fupi isiyovuta, ambayo hakuipenda. Ilimeza mwanga mwingi hata bila flashi, lakini ilimlazimisha kumsogelea mtu hadi asikie pumzi yake. Akaifunga kwenye kamera. Akazima flashi, akaenda kwenye dirisha la upande wa ziwa, ambako nyanya wa Francine alikuwa amemshika bibi arusi mikono yote miwili. Mélanie akapiga magoti mbele yao. Mwanga wa dirisha ulitosha.

Nyanya huyo, aliyetoka kijiji cha Nyantende, alimwangalia Mélanie.

"Weye ndiye ulipigaka picha ya arusi ya dada mukubwa ya Francine," akasema. "Bwana yako iko wapi? Ule alikuwa anashika taa?"

"Alikufa, koko," Mélanie akamwambia nyanya. "Mwaka jana."

"Eeh, mwanangu. Ikala."

Mélanie akakaa. Koko akamshika mkono. Kisha wageni wakaitwa kwenye keki, ikabidi ainuke.

Nyumbani, wakati wa kuchagua picha, alizoea kugeuka na kumuuliza Alphonse, "Hii ao hii?" Safari hii alichagua bila kuuliza. Picha ya dirishani aliitazama kwa muda mrefu kuliko zote.

Francine alipokuja kuzichukua, alimwambia, "Koko anakuita Nyantende, dimanche, kula."

Jumapili ile Mélanie hakwenda. Alijilaza, akasikia majirani wakicheka nje. Iliyofuata akaenda. Walikula fufu ya muhogo na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakachambua maharage pamoja, na koko akamfungia mengine kwenye kitambaa.

Jioni alifungua mlango wa nyumba yake. Hakukuwa na mtu wa kumwambia alikotoka. Akawasha taa, akayaloweka yale maharage. Yalikuwa mengi mno kwa mtu mmoja.